Chini ya Paa la Mkwe

Kwetu Kabare, mashariki ya Kongo, mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe. Hali naye meza moja, hataji jina lake ovyo, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyonifanya niujue mji wa Sydney kuliko watu waliokaa hapa miaka kumi.

Nilifika mwezi wa pili, mwaka ule korona ilipokuwa bado ugonjwa wa kusikia redioni. Binti yangu Nsimire alinikumbatia pale uwanja wa ndege mpaka kilemba kikaanguka. Mumewe, Baba Mélanie, alisimama nyuma ya kigari cha mizigo akiangalia viatu vyake. Nilifurahi. Walioana kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania mimi nikiwa bado Bukavu, sikuwahi kuishi naye, na niliogopa Bulaya, huku kwa wazungu, imemharibu. Kumbe adabu alikuja nayo.

Kwenye gari nilikaa nyuma na mjukuu wangu Mélanie. Tulipita barabara pana kama mto, nyumba na nyumba, bustani na bustani, na mtu hakuna.

"Watu wako wapi?" nikauliza.

"Wako ndani, mama," Nsimire akasema.

"Wote? Wamefiwa?"

Mélanie alicheka na kusema kitu kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, lakini kukijibu ni kama kumezeshwa dawa chungu.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema koko ni mcheshi."

Koko ni mimi, bibi yake, na sikuwa ninacheka. Mji ambao mtu akianguka njiani hakuna wa kumwokota, niliuona kama sahani iliyooshwa ikawekwa juu ya kabati. Safi, ndiyo. Lakini nani anakula humo?

Tukafika Merrylands, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Vyumba viwili vya kulala, saloni yenye televisheni, na choo kimoja ambacho mlango wake unatazamana na mlango wa chumba cha mume na mke.

"Na nyumba yangu iko wapi?" nikamuuliza Nsimire jikoni, kwa sauti ya chini.

"Mama, ni hii. Utalala na Mélanie."

"Na choo?"

"Ni hiki."

"Cha mukwe wangu?"

"Cha wote, mama. Hapa si Kabare."

"Kabare nimekuja nayo," nikamwambia. Nikakaa juu ya sanduku langu, sikuvua hata koti, mpaka Baba Mélanie alipochukua mfuko wake akatoka kwenda kazini. Ndipo nikaenda kuoga.

Mungu alinisaidia kwa jambo moja: mkwe wangu alifanya kazi ya usiku, kwenye ghala kubwa, akiendesha ile mashine ya kubeba mizigo. Basi tukapokezana nyumba kama walinzi. Asubuhi akiingia, mimi nimeshavaa viatu. Jioni nikirudi, yeye yuko ngazini anashuka, na mmoja wetu anageukia ukuta mwingine apite. Nsimire alituona siku moja akashika kichwa.

Mchana kutwa mtu mzima ataenda wapi? Nilikwenda. Kwanza kwenye lile jengo la maduka la Merrylands, nikakaa kwenye benchi nikitazama watu. Walikuwapo! Walikuwa wamefichwa mle. Walebanoni na mikate yao, Waafghani, Wahindi wa duka la viungo wanaouza bamia nzuri kuliko za soko la Kadutu kwetu, wamama wa Sudani wenye maungo marefu. Hakuna aliyenisalimu, lakini hakuna aliyenifukuza pia. Benchi likanichosha. Miguu yangu haikuzaliwa kukaa. Nikaanza kupanda treni.

Herufi za Kiswahili nilijifunza kanisani uzeeni, za Kiingereza zinanidanganya: unasoma hivi, wao wanatamka vile. Kwa hiyo stesheni nilizijua kwa vitu. Penye ukuta wa picha ya ndege, hapo si kwetu. Penye daraja la kijani, jiandae. Penye harufu ya nyama ya kuchoma, shuka. Sikupotea. Nilichelewa tu, na kuchelewa si kupotea.

Parramatta nilipapenda na kupachukia. Siku moja unaona nyumba ya mzee mwenye mti wa ndimu uani. Ukipita tena, kuna shimo. Ukipita tena, kuna chuma kimetoka shimoni kinakwenda mbinguni. Winchi zilisimama juu ya mji kama korongo juu ya samaki. Walichimbua barabara nzima kupitisha treni ndogo ya mtaani, watu wakavuka juu ya mbao na visigino vyao virefu bila kulalamika. Mji unavua nguo na kuvaa nyingine hadharani! Nilisimama kwenye uzio nikawaangalia mafundi kama wengine wanavyoangalia mpira.

Huko kwenye treni ndiko nilikokutana na Katungu, mjane wa Butembo, mwenye mdomo usio na mlango. Alisikia nikijisemea peke yangu akageuka.

"Mama, unaongea na treni?"

"Treni inanijibu kuliko mjukuu wangu."

Akacheka mpaka watu wakahama viti. Alikuwa akikaa Villawood, kwenye nyumba yenye kijumba kidogo uani alikolala mwanawe Méthode. Nilipomweleza kwa nini ninazunguka, akapiga makofi.

"Yaani unamkimbia mukwe mpaka mwisho wa reli! Sisi Wanande wa Butembo pia tuna heshima, lakini tunaipumzisha siku za mvua."

"Ndiyo maana mmeharibika," nikamwambia. Tukawa marafiki.

Korona ikaja kweli. Mabenchi ya madukani wakayafunga utepe wa njano kama mahali mtu alipouawa. Mara ile ya kwanza nilivumilia. Ghala halikufungwa, watu walizidi kuagiza vitu, Baba Mélanie akaendelea kutoka na mimi nikaendelea kuzunguka na maski yangu, nikipita penye nyumba zile zile zilizofungwa. Nikasema, sasa mji wote umekuwa kama siku niliyofika. Waliniona mjinga nilipouliza nani kafa.

Mwaka uliofuata ndio ulionivunja. Ugonjwa ulirudi mkali, na safari hii ulikamatia kwetu, upande huu wa magharibi wenye watu wa kazi za mikono. Tukaambiwa mtu asitoke mbali na kwake. Helikopta ikazunguka juu ya Merrylands kama inzi juu ya maziwa. Katungu wa Villawood akawa mtu wa nchi nyingine. Halafu mtu mmoja wa ghala la Baba Mélanie akaugua, na ujumbe ukaingia kwenye simu: nyumba yetu nzima ijifungie. Hakuna kutoka hata mlangoni.

Sisi wanne. Vyumba viwili. Choo kimoja.

Nilihamia balkoni. Nilitundika shuka kati yangu na kioo cha saloni, nikaweka kreti la maziwa la kukalia, blanketi mabegani, kwa maana Agosti ya huku ni baridi ya Lwiro, kwetu milimani, asubuhi. Nsimire aliniletea chakula huko. Chooni nilikwenda Mélanie akishanipa ishara kwamba njia ni nyeupe. Mkwe wangu naye alijitahidi, maskini. Akitaka kupita anakohoa, halafu anaogopa kukohoa kwa sababu ya kikohozi cha wakati ule, basi akaanza kupiga mluzi. Tukihitaji kusemezana, tulipitia kwa mtoto.

"Mélanie, mwambie koko atavunja mifupa huko nje, aingie ndani."

"Mélanie, mwambie baba yako mifupa yangu ni ya zamani, ilitengenezwa vizuri."

Mtoto akageuza macho, akafikisha nusu.

Nilikaa hapo nikitazama paa na minara. Winchi ziliwahi kusimama kidogo, halafu zikaanza tena. Watu tumefungwa, majengo yameruhusiwa kukua! Nilinyanyuka, nikakaa, nikanyanyuka. Balkoni ile ilikuwa hatua chache tu kwenda na kurudi, na nilizimaliza zote kila siku mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Ndipo wakaja kutukagua. Walikuwa wakipita nyumba za waliofungiwa kuona kama wote wamo na kama chakula kipo: askari polisi mwanamke na vijana wawili wa jeshi, wapole, wamevaa maski. Nsimire alikuwa akioga. Baba Mélanie akafungua mlango akiwa na singlendi na malapa. Walitaka kuona nyuso zote. Mimi nilisikia, lakini nisimame mlangoni ubavuni mwa mkwe aliyevaa singlendi? Nikavuta shuka vizuri zaidi.

Wakauliza: na bibi yuko wapi? Baba Mélanie akaonyesha balkoni. Wakauliza: kwa nini haji? Akainama. Angesema nini? Mambo ya mama mkwe hayasemwi na mkwe. Mélanie akamsaidia baba yake kwa Kiingereza chake kizuri. Alisema, na baadaye alinisimulia mwenyewe, kwamba koko haruhusiwi kuonana na baba, na baba akiwa ndani koko anakaa nje.

Ulikuwa ukweli mtupu. Ukweli uliong'olewa bila mizizi.

Yule askari hakuongeza sauti. Alimwomba Baba Mélanie atoke asimame kwenye korido na wale vijana wawili. Kisha akavuka saloni, akafunua shuka langu taratibu, akachutama karibu na kreti, akapiga simu na kuiweka katikati yetu. Sauti ya mwanamume ikatoka, Kiswahili cha Kenya.

"Hujambo mama. Naitwa Kariuki, mimi ni mkalimani. Afisa anauliza kama uko salama."

"Salama na nini?"

"Na mume wa binti yako. Amekutisha? Amekupiga? Amekunyima chakula?"

"Anipige! Huyo hajawahi hata kuniangalia usoni."

Akatafsiri. Askari akakunja uso zaidi.

"Anauliza, basi mbona unakaa nje kwenye baridi?"

"Kwa sababu yeye yuko ndani."

"Mama," Kariuki akasema, "nikitafsiri hivyo, huyo kijana nitamfunga kwa mdomo wangu. Nieleze polepole. Huyo ni mkwe wako?"

"Ni mukwe."

"Na nyumba ina vyumba vingapi?"

"Viwili. Na choo ni kimoja."

"Woi!" Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Mama yangu! Hata kwetu Nyeri, nyanya yangu mzaa mama akimwona baba anaingia kwa geti, alikuwa anapitia mlango wa jikoni kama mwizi wa kuku."

"Basi mwambie huyu mtoto aelewe, mimi simwogopi mtu. Ninamheshimu."

Akaeleza, na akaeleza kwa muda mrefu. Sikujua kwamba Kiingereza kinahitaji maneno mengi hivyo kwa heshima. Yule askari alinitazama, akatazama shuka na kreti, macho yake yakalegea juu ya maski. Akaniuliza kama ninataka blanketi la pili. Nikasema ninalo. Wakaondoka.

Lakini muda wote huo Baba Mélanie alikuwa kwenye korido, kati ya wanajeshi wawili, na singlendi na malapa. Na milango ya majirani ilikuwa imefunguka kidogo kidogo, jicho hapa, jicho pale.

Alirudi ndani akaingia chumbani. Mluzi haukusikika tena. Nsimire, nywele bado zinadondosha maji, akanijia balkoni.

"Mama, umemupatisha haya bwana yangu mbele ya jengo lote!"

"Mimi? Mimi niliyekula baridi kwa ajili yake?"

"Nani alikutuma ule baridi? Sasa watu wanajua hapa kuna mwanaume anayetesa wazee."

"Watu gani? Hawa ambao hata salamu hawajui?"

"Hawa hawa! Ndio anapanda nao ngazi!"

Nikalivuta shuka tena mahali pake. Nsimire akaondoka akilia.

Kesho yake, chakula cha mchana kikiwa hakijaliwa, nikasikia kiti kinawekwa nyuma ya kioo. Kupitia shuka niliona kivuli cha mgongo. Mkwe wangu alikaa akinipa mgongo, akasema mwenyewe, bila mtoto.

"Mama, sina baba hapa wa kunisemea kwako. Nisamehe nikisema. Kazini mimi ni mikono tu. Njiani ni mtu mweusi tu. Pahali nilikuwa ni mwanaume ni kwenye mulango wa nyumba yangu, na jana ni pale walinisimamisha. Sikukasirikii. Lakini kama ni mimi ninakufukuza ndani, tukifunguliwa nitakuwa nalala kwenye gari."

Sikumjibu, kwa sababu mama mkwe hajibu. Aliondoka. Mimi nikaanza tena hatua zangu za balkoni.

Nilikuwa sahihi. Hata leo nasema nilikuwa sahihi. Lakini heshima ikimvua nguo unayemheshimu, inabidi itengenezwe, na mama mkwe hatengenezi kwa kuomba radhi. Hutengeneza kwa chakula. Humwita mkwe kwake, humpikia kuku mzima, humpelekea pamoja na firigisi, ile sehemu ya mgeni mkubwa. Mkwe akiila, yamekwisha. Akiirudisha, basi mna kesi, na kesi hiyo hurithiwa na wajukuu. Tena ni lazima iwe kwake mama mkwe. Huwezi kumkaribisha mtu nyumbani mwake mwenyewe. Na mimi katika mji huu wote wa minara sikuwa na mlango hata mmoja.

Nikampigia Katungu.

"Kile kijumba chako cha uani kina mtu?"

"Méthode amehamia Kensington kwa wenzake wa chuo, wamebanana kama visamaki vya sambaza kwenye kikaango. Kwa nini? Umefukuzwa?"

"Mimi sifukuzwi. Ninahama."

"Njoo basi, mukaidi wewe. Lakini hapa kunapita malori, na nyuma yetu kuna ule uzio wanakofungia watu wanaongoja karatasi za kuishi hapa. Usije ukasema sikukwambia."

Nsimire alipigana nami tangu siku hiyo mpaka mji ulipofunguliwa. Alisema kanisani watasema amemtupa mama yake. Nikamwambia waje kuniuliza mimi. Alisema nitakufa peke yangu. Nikasema Katungu hanyamazi, siwezi kufa bila yeye kutangaza. Alisema, "Na mimi je, mama? Nilikungoja miaka yote hiyo ili ukae kwa mtu mwingine?" Hilo lilinichoma. Nikamwambia, "Mutoto wangu, pale kwako mimi ni mtu wa ngazini. Niache niwe na pahali utakapokuja." Hakukubali. Alifunga sanduku langu tu, kwa nguvu, kama anamfunga mtu.

Baba Mélanie alilibeba mpaka garini. Moyoni mwake sikujua kuna nini.

Villawood si pazuri. Ni karakana, vyuma, malori, na ule uzio wa seng'enge ambao kila nikipita naharakisha, kwa maana mimi pia niliwahi kungoja karatasi. Lakini watu wako nje! Wanafunga matairi, wanagombana, wanakula wamesimama. Nilipata chumba, jiko la pembeni, choo changu mwenyewe. Siku za kwanza nilikuwa ninafungua mlango na kuufunga, kufungua na kufunga.

Kuku ndiye aliyenisumbua. Kuku wa maduka ya hapa wamekwisha kupasuliwa, ndani ni watupu kama mfuko. Firigisi wanaziuza kando, nyingi kwenye sinia, za kuku nisiowajua. Nitamlaghaije mkwe kwa firigisi ya kuku mwingine? Nilizunguka, nikapanda treni, nikaingia maduka na kutoka, nikionyesha tumbo langu kwa kidole mpaka mmoja akanielekeza chooni. Mwishowe Mvietinamu mmoja mzee, mwenye aproni ya damu, akanielewa mara moja. Akaniletea kuku mzima na kichwa chake, miguu yake, na tumbo lake lote. Tulicheka wote wawili. Yeye pia ana wakwe, nadhani.

Siku ya Jumapili walikuja. Nilimtuma Katungu getini, kwa kuwa si mimi wa kwenda. Nikachungulia pazia: Baba Mélanie amevaa koti na tai, amebeba kitenge kilichokunjwa na mfuko wa sukari, amesimama nje ya geti akingoja kuitwa, na lori limesimama nyuma yake likimpigia honi.

"Karibu, mukwe wa hapa!" Katungu akapaza sauti mtaa wote usikie. "Ingia, umepikiwa!"

Wakaketi chumbani. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia. Nikapakua bugali, mboga za lengalenga, kuku na mchuzi wake, firigisi nikaiweka juu katikati, na Nsimire akachukua sinia bila kunitazama.

Nikangoja. Niliosha sufuria iliyokuwa safi. Nilihesabu vijiko, nikavirudisha, nikafungua dirisha, nikafunga. Chumbani Katungu alikuwa akiongea na Mélanie akicheka, lakini sauti ya mkwe sikuisikia. Nilisikia kijiko. Halafu hata kijiko kikanyamaza. Nikasema moyoni, ameiacha.

Pazia likafunguka. Nsimire alisimama na sahani ya mumewe mikononi, akainamisha nione. Mifupa. Mifupa mitupu, na alama ya kidole kilichofuta mchuzi. Firigisi haikuwamo.

"Aliitafuna pole pole," Nsimire akasema. Kisha akaketi chini sakafuni, na gauni lake la kanisani, akaegemea goti langu kama alipokuwa mdogo. "Anauliza kama bugali imebaki."

"Haikubaki," nikasema. "Mwambie angoje."

Nikaweka maji motoni.